Nimepokea kwa Mikono Miwili

Masalani
Jumapili, 12 Januari 2025

Dumaashi Fowsiya,

Assalamu alaykum. Hapa tu wazima, alhamdulillah. Watoto wazima, mbuzi wazima, na mama yako Hooyo Ebla ni mzima kutushinda sote. Leo amenigombeza hata sijanawa uso.

Najua umeshtuka. Barua! Kama tuko kidato cha pili tena, wewe bweni la juu mimi la chini, tunaandikiana Kiswahili kwa sababu ukishikwa na Kisomali unapewa jembe ulime. Lakini nifanyeje, walaal, simu ya nyumba hii haina siri. Ukinitumia sauti, mama yako anaita mtoto mmoja, "Fungua nimsikie binti yangu," na mambo yangu yanafika mpaka kwa majirani. Ukiandika Kisomali anasoma mwenyewe, tena kwa sauti ya redio. Kiswahili ndicho kinachomshinda kusoma. Basi tuandikiane, tumpe Alio, gari lake halikosi kwenda Garissa na kurudi. Wewe ni dada wa mume wangu, lakini ulikuwa rafiki yangu kwanza, na ni wewe uliyemleta kaka yako kwetu. Nikikuficha wewe nitamwambia nani?

Nisizunguke. Ni uso. Unaikumbuka ile krimu ya wiki ya arusi, mliyonipaka mkisema bibi arusi lazima ang'ae? Sijaiacha tangu siku ile. Nikiiacha wiki moja nakuwa mweusi kuliko nilivyozaliwa, nikiirudia inaniunguza. Sasa mashavu yana madoa meusi, ngozi imekuwa nyembamba, na jua la hapa linaniwasha kama nimepakwa pilipili. Juzi mtoto wa darasa la nne kaniuliza, "Mwalimu, uliungua na nini?" Nikamwambia afungue kitabu.

Na Abdirahim alipokuja mara ya mwisho aliniangalia akasema, "Osob, uso umekuwa ramani." Akacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi. Kisha akarudi Garissa. Anasema ni soko la mifugo. Soko ni Jumatano, Fowsiya, Jumatano moja kwa wiki, na yeye haonekani mwezi mzima. Nataka mume wangu arudi nyumbani anitazame bila kucheka. Ndiyo shida yangu, sina nyingine.

Naona kwenye simu wanawake wanavaa barakoa yenye taa nyekundu, wanakaa nayo nyumbani, wanasema inatuliza ngozi. Kuna kitu kama hicho Garissa, au ni mambo ya Dubai tu?

Umesikia ya jirani yangu Safiyo? Mumewe kamletea maseyr-tir, dhahabu na friji, amfute wivu kabla hajaoa wa pili. Wazee wamekaa kitako wanangoja aseme amepokea, maana mke mkubwa akishapokea mbele ya watu amekubali, hana mdomo tena. Basi Safiyo akaita vijana, friji ikabebwa mpaka barabarani, dhahabu akaining'iniza kwenye mlango wake! Upande wa msichana wakasikia, wakaogopa kumpeleka binti yao kwenye nyumba ya vita, na ndoa ikavunjika. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Mimi ningeiwasha kwanza hiyo friji, ninywe maji baridi, ndipo niirudishe.

Nijibu haraka.

Wako,
Osob


Iftin, Garissa
19 Januari 2025

Abaayo Osob,

Wa alaykum salaam. Wallahi nilicheka ofisini mpaka mkubwa wangu akaniuliza kama nimepata barua ya mapenzi. Nikamwambia ndiyo, ya mke wa kaka yangu.

Kitu hicho kipo, usiseme ni mambo ya Dubai. Kuna dada mmoja hapa hapa Iftin anafanyia wanawake ngozi nyumbani kwake, mambo safi, na hizo barakoa anaziuza. Nimekaa chini ya hiyo taa mwenyewe. Unafumba macho, unaona wekundu mtupu, halafu unasikia joto kidogo, basi. Chunusi zangu zimepungua, si uongo. Lakini yeye anasema hata kabla ya taa, uache kabisa hiyo krimu. Sote tulipakwa hiyo, nani alijua.

Kuhusu Abdirahim, usijijazie kichwa. Ni kazi tu. Mifugo imepanda, mvua imegoma, wewe mwenyewe unajua. Yuko sawa, anakula vizuri, anakusalimia.

Ya Safiyo nimeyasikia, mji mzima umeyasikia. Mimi simsifu sana. Mursal aliponiletea zile bangili nilipokea nikanyamaza, kwa sababu anayetaka kuoa ataoa tu, na kelele ni za bure. Yeye baadaye akaniacha, sawa, ilikuwa kadari. Sasa nipo nyumba ya kaka yangu na watoto wangu, na sijawahi kulala njaa. Kila mtu na roho yake.

Hebu niambie kitu. Kama Abdirahim angetaka kukuletea zawadi, ungependa nini zaidi? Dhahabu, nguo, au hiyo taa? Nauliza tu, hakuna sababu.

Mpe Hooyo salamu, usimwambie ni za barua.

Fowsiya


Masalani
2 Februari 2025

Fowsiya wangu, Mungu akupe pepo,

Imefika! Nilipomwambia Alio kwa mdomo akupe jibu langu, kwamba nataka taa na sitaki dhahabu, nilidhani ni mzaha. Kumbe ulimfikishia kaka yako! Na yeye akanunua! Abdirahim huyu huyu ambaye nikimwomba sabuni anasahau!

Nikusimulie, maana kulikuwa na sinema. Ijumaa baada ya swala naona gari la Alio mlangoni, na ndani yake Adeer Abdiwahab, mzee mzima, ami yake Abdirahim, kavaa koti la sikukuu na kofia mpya. Wakaingia na boksi. Nikawapa chai. Wakanywa. Nikawapa tende. Wakala. Hawaondoki. Adeer akasema mama yako aitwe naye akae. Nikasema moyoni, hii taa imekuwa mheshimiwa, inafunguliwa na wazee! Adeer akaliweka boksi mbele yangu akasema, "Hii imetoka kwa mumeo Abdirahim, anakuheshimu. Sema kama umepokea."

Nani anangoja namna hiyo kwa ajili ya taa? Lakini nilifurahi, Fowsiya, sikuficha meno. Nikasema, "Mwambieni nimepokea kwa mikono miwili, na Mungu amtimizie kila anachotaka." Adeer akasema amin, Alio akasema amin kwa sauti ndogo, na mama yako akajifunika uso kwa shela. Nilidhani ni furaha ya mama kuona mwanawe anajua kutunza mke. Wakainuka papo hapo wakaenda zao.

Safiyo alipoona akaniuliza, "Osob, isije ikawa ni kile kitu." Nikamwambia nyamaza na wivu wako wa friji. Nani duniani ameletewa maseyr-tir ya taa ya uso? Maseyr-tir ni dhahabu, inajulikana. Na hii niliitaka mwenyewe, kupitia kwako. 

Sasa taa yenyewe. Jioni baada ya Maghrib naiwasha kwa betri ya sola. Mara ya kwanza mtoto wangu mdogo aliniona akapiga ukelele, "Shaitani amemla Hooyo!" Nyumba ikajaa watu. Mama yako alisoma Ayatul Kursi yote bila kupumua, na mimi ndani ya barakoa nacheka, nayo ikizidi kuwaka, wakazidi kukimbia. Jana tayari wamezoea. Wanakuja kukaa karibu wasome kwa mwanga wangu.

Na mama yako amebadilika. Jana kanimiminia chai yeye mwenyewe. Miaka yote hii sijawahi kumiminiwa chai na mama yako! Nikamwambia ahsante, akasema, "Kunywa, binti yangu," akaenda kukaa nje.

Niulizie huyo dada wa Iftin: nikae chini ya taa muda gani? Naweza kujipaka unga wa majani ya qasil kabla? Krimu nimeitupa chooni, lakini uso unababuka vibaya, na nakuwa mweusi. Naogopa Abdirahim asije sasa. Niko tayari kuvumilia nikijua itapona.

Nakupenda kwa hili, wallahi.

Osob


Iftin
9 Februari 2025

Abaayo,

Naandika haraka, tuna shughuli ya jamaa hapa na wageni wamejaa.

Nimemuuliza. Anasema kubabuka ni kwa sababu ya kuacha krimu, si taa. Usirudi nyuma, hata kama weusi utaongezeka mwanzoni. Qasil ni sawa, osha uso nayo, suuza, kausha, ndipo uvae taa kwenye ngozi tupu, bila mafuta, bila manjano. Dakika kumi zinatosha. Ukikaa saa nzima hutapona haraka, utajichokesha tu, na joto likizidi madoa yanaweza kukolea. Fumba macho. Mchana jifunike na jua kuliko kitu chochote. Na anasema asikudanganye mtu, madoa ya miaka hayafutiki kwa mwezi. Ngozi ikiungua sana nenda hospitali ukaonyeshe daktari.

Nimeandika kama alivyosema. Ni mtu mzuri, anaongea ukweli.

Abdirahim usimpigie wiki hii na ijayo, yuko njiani na ng'ombe, mtandao hakuna.

Fowsiya


Masalani
16 Februari 2025

Dumaashi mpenzi,

Barua yako ilikuwa fupi kama ya chifu, lakini nakusamehe kwa sababu ya wageni.

Nimefuata yote. Na leo nimejiangalia kwenye kioo cha ofisi ya walimu, kile ambacho hakimpendelei mtu, na Fowsiya, uso umetulia! Madoa yapo, sikudanganyi. Lakini moto umeisha. Naweza kujigusa shavu. Naweza kutembea mpaka mtoni bila kulia. Sijui ni taa, sijui ni kuacha ile sumu, sijui ni huyo dada na masharti yake. Darasa la nne hawaniulizi tena. Nimeanza kujipenda kidogo, na nilikuwa nimesahau jambo hilo linafananaje.

Huyo dada nitamlipa nini? Mtu hanijui, hajawahi kuniona, na ananijibu kwa ukweli kama mdogo wangu wa tumbo moja. Nimechinja beberu wangu mwenyewe, nimempikia nyirinyiri, nyama imekauka vizuri na samli ya ng'ombe na iliki. Nimeitia kwenye chombo cha mbao cha marehemu mama yangu, kile chenye kauri shingoni. Unakijua, hakijatoka nyumbani tangu afe. Alio anakuletea. Mpe huyo dada mkononi mwake, umwambie imetoka kwa Osob wa Masalani. Akimaliza kula anirudishie chombo tu.

Na niambie jina lake. Kila nikimaliza swala namuombea, nasema "yule wa Iftin," na naona haya mbele ya Mungu kumuombea mtu bila jina.

Abdirahim akirudi kutoka kwenye hao ng'ombe mwambie Ramadhani hii nataka afuturu nyumbani.

Osob


Iftin, Garissa
23 Februari 2025

Kwa Dada Mkubwa Osob,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hunijui kwa sura lakini unanijua kidogo, ni mimi nilikuwa nakutumia majibu ya ngozi kupitia kwa Fowsiya. Naitwa Ayan. Fowsiya ameniambia wewe ni mwalimu na unapenda barua za Kiswahili, nikaona nijaribu. Mimi nimelelewa Nairobi kwa shangazi, Kiswahili changu ni cha mtaa, usinisahihishe na kalamu nyekundu tafadhali.

Nilitaka kukushukuru kabla ya mtu mwingine yeyote. Nyirinyiri yako ilifika Alhamisi, siku moja kabla ya nikah. Tuliifungua kwenye walima mbele ya wageni wote, na mama yangu akasimama akasema, "Hii imepikwa na mke mkubwa kwa mkono wake." Watu walilia, dada. Wazee walisema hawajawahi kuona mwanamke kama wewe. Ilikwisha yote, hata mimi nilipata kipande kimoja tu.

Nataka ujue nilikuwa nimekataa. Nilimwambia Abdirahim siwezi kuingia nyumba ambayo kuna mtu analia. Mama pia alikataa kabisa, alisema bila mke mkubwa kupokea kitu chake mbele ya mashahidi, yeye hatoi binti. Ndipo Adeer Abdiwahab akaja akaapa kwamba umepokea kwa mikono miwili na ukamuombea Mungu amtimizie kila anachotaka. Nilipoyasikia hayo maneno moyo wangu ulitulia. Nikajua nimepata dada.

Ile taa nilikuchagulia mimi, ni nzuri kuliko zote nilizo nazo. Nimekutumia na mafuta ya kulainisha ngozi, hayana kemikali. Chombo chako nitakileta mwenyewe inshallah nikija kukusalimia baada ya Idi.

Mdogo wako,
Ayan


Masalani
25 Februari 2025

Fowsiya,

Sina salamu.

Nimesoma barua ya Ayan nikiwa nimesimama mlangoni, Alio akingoja kuona kama kuna mzigo wa kurudi. Nikamuuliza, "Alio, siku ile uliitikia amin ya nini?"  Akawasha gari.

Yule msichana simlaumu. Nimejaribu kumlaumu tangu jana na nimeshindwa. Barua yake ndiyo ya kwanza yenye ukweli niliyopata mwaka huu, na imetoka kwa mke mwenzangu!

Wewe ulijua. Ulipoandika "ungependa nini, nauliza tu," ulijua. Ulikuwa unanipimia sanda na mimi nachagua rangi. Uliniambia yuko njiani na ng'ombe. Ng'ombe gani, Fowsiya? Nilikuambia wazi kwamba nikiletewa maseyr-tir nitairudisha, nilikuandikia kwa mkono wangu. Kwa hiyo mkatafuta kitu ambacho Osob hawezi kukirudisha, kitu alichokililia mwenyewe. Mngeniletea dhahabu ningejua kazi yake. Nyinyi mmeniletea dawa ya uso wangu.

Na nyumba nzima ilijua. Mama yako alijua, ndiyo maana ya ile chai. Na mimi nikamwambia ahsante.

Unajua kinachoniuma kuliko yote? Si kuoa. Wanaume wanaoa, dini imemruhusu, ningelia, ningegomba, ningechoka. Kinachoniuma ni kwamba mngeniuliza ningesema hapana, na hapana yangu ingetosha, mama wa msichana mwenyewe alikuwa anaingoja. Ilikuwepo, ilikuwa mdomoni mwangu. Mmeitoa mkaweka dua. Sasa Garissa nzima inanisifu kwa jambo ambalo sikulifanya, na chombo cha mama yangu kimezungushwa kwenye arusi ya mume wangu.

Mimi nilikaa kila jioni chini ya ile taa nimefumba macho, nikimngoja.

Jibu, au usijibu.

Osob binti Yahye


Iftin
2 Machi 2025

Osob,

Leo ni saumu na sitasema uongo.

Nilijua. Tangu Disemba. Abdirahim alinikalisha sebuleni, watoto wangu wakicheza hapo hapo kwenye zulia lake, akasema, "Fowsiya, wewe ndiye Osob anayekusikiliza." Hakuongeza neno. Hakuhitaji. Ungekuwa ni wewe, unalala kwenye chumba cha mtu na wanao wote, ungemjibu nini?

Halafu barua yako ikaja yenyewe ikiuliza taa. Wallahi sikuitafuta. Nilimwambia Abdirahim, "Anataka hiki," na nikasema moyoni angalau apate kitu kinachomfaa. Usicheke. Nilifikiri hivyo kweli. Uso wako ulikuwa unakuuma, na Ayan anajua kazi yake, na wewe ungepona. Nilijiambia nakusaidia.

Nyirinyiri sikuipanga. Ilipofika niliketi nayo jikoni nikalia. Lakini ulisema apewe mkononi, nikampa mkononi. Ningemwambia nini?

Ayan hajui mpaka leo. Ukimwambia utavunja nyumba ambayo ina siku kumi tu, na mimi na watoto tutatoka hapa. Sikuambii usimwambie. Nakuambia tu kitakachotokea.

Mimi pia nililetewa, Osob. Mursal alinitumia wazee na bangili, nikapokea, na maisha yakaendelea. Hakuna aliyekufa. Jaribu kuiona hivyo.

Nisamehe kwa mwezi huu mtukufu.

Fowsiya


Masalani
4 Machi 2025

Fowsiya,

Wewe ulijua unachopokea. Mimi nilishukuru. Hapo ndipo tofauti ilipo, na kama huioni sitakufundisha.

Usiniandikie tena Kiswahili. Nitumie sauti kwenye simu kama watu wengine, mama yako asikie.

Osob


Masalani
8 Aprili 2025

Kwa Ayan,

Wa alaykum salaam. Nimekaa na barua yako mwezi mzima, nikifunga na kufungua. Kiswahili chako hakina makosa ya kunipa kazi.

Nilikuwa nakuombea kabla sijajua jina lako. Hizo dua zilikuwa za kweli, zibaki zako, sizirudishi. Lakini kuna kitu nimekirudisha, na ni haki yako kukisikia kwangu kwanza, maana uliniandikia kwanza.

Sikukubali ndoa yako. Sikuulizwa. Niliambiwa ni taa ya uso kutoka kwa mume wangu, na nilikuwa nimeiomba mwenyewe kwa sababu uso wangu ulikuwa umeungua na nilitaka anitazame. Ile dua niliyomuombea ni dua ya mwanamke aliyeletewa zawadi. Adeer hakuapa uongo, maneno ni yangu yote. Hakukuambia tu nilidhani nini nilipoyasema. Wewe na mama yako mliweka sharti zuri, na wametumia furaha yangu kulitimiza.

Abdirahim alikuja Idi. Alisimama mlangoni, akaniangalia muda mrefu, hakucheka. Akasema, "Osob, umependeza." Ayan, nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu mwaka jana. Nikamwambia alale kwa mama yake. Analala huko mpaka sasa akija, na bado sijaamua kama nitamfungulia mlango au nitakwenda kwa kadhi.

Siku ya pili ya Idi niliwaita Adeer Abdiwahab na Alio. Niliwakalisha kwenye viti vile vile, nikawapa chai na tende. Nikamwita Hooyo Ebla akae, na jirani yangu Safiyo akae upande wangu. Nikaweka boksi mbele yao nikasema, "Hii inarudi kwa Abdirahim. Semeni kama mmepokea." Adeer akasema, "Binti, nikah imeshafungwa, hii haibadilishi kitu." Nikamwambia, "Kama haibadilishi kitu, haitakuchoma ulimi." Nikasogeza kiti changu mlangoni nikakaa. Chai ikapoa. Ikaadhiniwa alasiri, wakataka kwenda msikitini, na mimi niko pale pale. Alio akavunjika kwanza, akasema, "Nimepokea." Adeer naye akasema hivyo hivyo akiangalia viatu vyake. Na Hooyo Ebla, ambaye sijawahi kumsikia akiwa upande wangu, akasema, "Nimesikia, na nitasema mahali popote nitakapoulizwa." Safiyo ndiye aliyelia. Mimi sikulia.

Kwa hiyo sasa inajulikana. Haikufuti wewe, najua. Umeolewa, na nasikia una ujauzito unaokutapisha, Mungu akuvushe salama. Sina vita na wewe. Lakini usiseme tena mbele ya watu kwamba mke mkubwa aliridhia. Ukinisikia nasifiwa, wakatize.

Boksi atakuletea Abdirahim, maana lilitoka kwako. Taa haina kosa. Ulinichagulia nzuri, na ulinifundisha kweli, na uso umepona kuliko nilivyotarajia. Nitaendelea na qasil na kivuli, vitanitosha. Ila usiiuze haraka. Iweke kabatini. Namjua mume wetu kuliko wewe, na dini bado imemwachia nafasi mbili. Siku wazee watakapokuja kwako na kofia mpya, wakataka useme umepokea, usimuombee mtu dua kabla hujauliza ni ya nini.

Usije Masalani kwa sasa. Mafuta uliyonitumia nimempa Safiyo.

Chombo cha mama yangu mpe Alio. Kioshe kwa maji moto bila sabuni, ukikaushe kivulini, juani kitapasuka. Angalia kauri za shingoni zisidondoke njiani. Akikileta nitakipokea, lakini sitasema neno.

Osob